Mbao halisi au bodi? Namna ya kuamua, kipande kwa kipande

Swali huja hivi: "Nitengeneze kabati la mbao au la MDF, ile bodi ya kiwandani?" Fundi mmoja atakwambia bodi ni makapi ya mbao yaliyoshikwa na gundi, usiyaguse. Mwingine atakwambia mbao za siku hizi hazikauki, zinapinda na kupasuka, chukua bodi ulale usingizi. Wote wawili wanasema waliyoyaona, na wote wamekubali swali ambalo halikupaswa kuulizwa hivyo. Kabati lina ubavu, rafu, mgongo, milango, droo na miguu. Kila kipande kina kazi yake na adui yake. Ubao mzuri kwa mguu wa meza unaweza kuwa mlango wa kukutia aibu, na bodi inayokaa miaka ishirini kwenye kabati la nguo inaweza kufumuka kwa mwezi mmoja chini ya sinki.

Tukubaliane kwanza maneno. Ninaposema mbao halisi, nina maana ya ubao uliopasuliwa kutoka kwenye gogo, pamoja na zile mbao nyembamba zilizounganishwa kingo kwa kingo kwa gundi kupata upana. Hizo bado ni mbao halisi, na zina tabia zote za mbao halisi, hata kama muuzaji anaziita bodi. Ninaposema bodi, nina maana ya shiti za kiwandani: plaiwudi, blokbodi, MDF na chipbodi.

Hatua ya 1: Vunja samani iwe orodha ya vipande

Chukua karatasi uchore samani yako, hata kwa mkono usio wa msanii, kisha orodhesha kila kipande na vipimo vyake. Orodha hii fundi ataihitaji vilevile wakati wa kukata, kwa hiyo hupotezi muda. Mbele ya kila kipande jibu maswali manne. Je, maji yatakifikia? Kina upana gani? Kitabeba uzito gani, na kwa umbali gani bila kuegemezwa katikati? Kitashikiliwa na skrubu au bawaba zitakazovutwa kila siku?

Ukijibu kwa uaminifu, nusu ya maamuzi yanajifanya yenyewe. Mgongo wa kabati ni mpana, mkavu, haubebi kitu wala hauguswi: hapo mbao halisi ni anasa yenye madhara. Mguu wa kiti ni mwembamba, unabeba mtu mzima, unagongwa na kila anayepita: hapo bodi haina nafasi. Ugumu uko kwa vipande vya katikati, yaani milango, rafu na uso wa meza, na hivyo ndivyo vitakavyotuchukulia muda.

Hatua ya 2: Jua ubao unavyotembea

Mti ukikatwa una maji ndani ya mirija na ndani ya kuta za nyuzi zake. Yale ya kwenye mirija hutoka bila ubao kubadili umbo. Unyevu ukishuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito mkavu wa mti, maji huanza kutoka kwenye kuta zenyewe, na hapo ubao unaanza kusinyaa. Kuanzia siku hiyo hauachi tena kuitikia hewa. Hewa yenye unyevu wa asilimia 50 huuweka ubao kwenye unyevu wa kama asilimia 9. Hewa ya asilimia 65 huupandisha hadi kama 12. Hewa ya asilimia 80 hadi kama 16. Vanishi hupunguza kasi ya mwendo huo. Haiuzuii.

Watu wengi wanalijua hilo kwa jumla, ila hawajui linakwenda upande gani. Kwa urefu, ubao hausogei kiasi cha kuonekana. Kwa upana husogea sana, na ubao uliopasuliwa ubapa (ule wenye michoro ya vilima usoni) husogea takriban maradufu ya ule uliopasuliwa kuelekea kiini, wenye mistari iliyonyooka.

Weka namba. Chukua uso wa meza wenye upana wa milimita 900, na unyevu wa ubao upande kutoka asilimia 8 hadi 12 msimu wa mvua. Kama ni mwaloni mwekundu uliopasuliwa ubapa, meza hiyo itatanuka kwa kama milimita 13. Mahogani, kama 8 au 9. Mtiki, karibu 7, na mtiki uliopasuliwa kuelekea kiini, chini ya 4. Hii ndiyo sababu mtiki una jina kubwa kwa mafundi kuliko ugumu wake unavyostahili: umetulia.

Sasa mfikirie fundi aliyeufunga uso huo kwa skrubu kumi na mbili zisizo na nafasi ya kusogea, au aliyeupigia ubao wa kukingama kwenye ncha kwa gundi kutoka mwanzo hadi mwisho. Mbao zina nguvu zaidi ya skrubu na gundi. Zikizuiwa kutanuka zitapinda juu. Zikizuiwa kusinyaa zitapasuka katikati, mara nyingi usiku, kwa mlio unaofanya watu waamke. Mwenye meza atalaumu mti. Mti hauna kosa.

Mafundi wa zamani walilijua hili kuliko tunavyolijua sisi, na jibu lao liko mbele yetu kwenye kila mlango wa fremu: miti minne myembamba inayozunguka, na ubao mpana katikati uliochomekwa kwenye mfereji bila gundi. Fremu ni nyembamba, haisogei sana. Ubao wa katikati unatanuka na kusinyaa ndani ya mfereji bila mtu kujua. Kwa hiyo ukiona mlango wa fremu ambao ubao wake wa kati umegandishwa kwa gundi pande zote, umeona sura ya ufundi bila ufundi wenyewe.

Kanuni ninayoitumia: kipande cha mbao halisi kisichozidi upana wa milimita 150 hakinisumbui. Kikizidi hapo, namuuliza fundi kitasogelea wapi. Akiwa na jibu (matundu marefu ya skrubu, vishikizo vya mbao vinavyoteleza kwenye mfereji, ubao unaoelea kwenye fremu), tuendelee. Akijibu kwamba "mbao zangu ni kavu, hazisogei," basi kipande hicho nakihamishia kwenye bodi.

Kuhusu ukavu wenyewe, usiridhike na neno "kavu." Ubao uliokaa nje chini ya paa unakaukia hewa ya nje, na huishia hapo hata ukikaa miaka kumi. Kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja wa kuanikwa kwa kila inchi moja ya unene, na mbao nzito huhitaji zaidi. Kipima unyevu cha sindano mbili kinamaliza ubishi. Kama huna, kata kipande kidogo umbali wa angalau sentimita 30 kutoka kwenye ncha ya ubao, kipime kwenye mizani ya jikoni, kikaushe kwenye oveni kwenye nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito uache kushuka, kisha toa uzito mkavu kwenye uzito wa kwanza, gawanya kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande cha gramu 58 kilichobaki gramu 50 kilikuwa na unyevu wa asilimia 16. Kwa samani za ndani ya nyumba yenye hewa kavu hiyo ni nyingi mno. Tafuta kati ya 8 na 12, halafu ziache mbao ndani ya chumba zitakamokaa kwa wiki mbili tatu kabla ya kuzipiga randa ya mwisho.

Hatua ya 3: Usiziite bodi zote MDF

Plaiwudi ni matabaka membamba ya mti yaliyobanwa kwa gundi, kila moja likikingama na lililo chini yake. Hesabu ya matabaka kwa kawaida ni witiri, ili pande mbili zilingane na shiti isipinde. Kwa kukingamana huko kila tabaka linamzuia jirani yake kutanuka, ndiyo maana plaiwudi haisogei kwa upana kama ubao. Wazo hilo ni la kale kweli: jeneza lililokutwa kwenye piramidi ya ngazi ya Saqqara, Misri, lilikuwa na pande za matabaka sita ya mbao yaliyokingamana. Anayesema plaiwudi ni uvumbuzi wa kulipua kazi amechelewa kwa miaka elfu nne na zaidi.

Lakini plaiwudi mbili za unene mmoja zinaweza kuwa mbali kama usiku na mchana. Gundi ya yurea inatosha kwa chumba kikavu na huachia kwenye maji. Gundi ya finoli, ambayo mara nyingi huacha mistari ya hudhurungi iliyokolea kati ya matabaka, hustahimili hata kuchemshwa. Hiyo ndiyo inayotumika kwenye plaiwudi inayoitwa ya baharini. Angalizo: jina hilo linahusu gundi na ubora wa matabaka, halimaanishi kwamba mti wenyewe hauozi. Ukiuacha kwenye maji bila rangi, gundi itabaki na mti utaoza.

Blokbodi ina moyo wa vipande vya mbao vilivyolazwa sambamba, juu na chini ukabandikwa matabaka ya plaiwudi. Ni nyepesi na ngumu kupinda, ila kwa upande mmoja tu: upande ambao vipande vya ndani vimelala. Ukikata rafu, vipande hivyo vifuate urefu wa rafu. Nimeona rafu za blokbodi zilizokatwa kwa kukingama ili kuokoa shiti, na zikalegea kana kwamba ni kadibodi.

MDF ni nyuzi za mti zilizosagwa na kubanwa kwa gundi na joto. Haina kifundo wala upande wa nyuzi, inakubali kuchongwa michoro, na kwa rangi hakuna inayoifikia. Mlango wa kupakwa rangi, wenye mchoro, ninautaka wa MDF. Fremu ya mbao halisi iliyopakwa rangi huishia kuonyesha nyufa kama unywele kwenye kila kiungo, kwa sababu ya ule mwendo tuliousema. Udhaifu wake ni uzito, kingo zake zinazofyonza maji kama karatasi, na kutoshika skrubu kwenye kingo. Shiti moja ya milimita 1220 kwa 2440, unene 18, ina kama kilo 40. Mlango mrefu wa kabati la nguo wa MDF unahitaji bawaba nne au tano, si mbili.

Chipbodi ni chembe za mbao zilizobanwa. Mara nyingi huja tayari na uso wa melamini (karatasi iliyogandishwa kwa plastiki ngumu), mweupe au wenye picha ya mti. Ndiyo dhaifu kuliko zote, na ndiyo iliyoko kwenye samani nyingi za kufunga mwenyewe duniani, na si kwa ujinga: ubavu wa kabati uliosimama wima, pakavu, ukifungwa kingo zake zote kwa ukanda mwembamba wa kuzifunika, hauhitaji zaidi ya hapo. Isipewe kazi ya kubeba kwa umbali mrefu, isikae chini kwenye sakafu inayopigwa deki, wala isifunguliwe na kufungwa upya kila unapohama.

Neno moja kuhusu vinia, lile tabaka jembamba la mti wa thamani linalobandikwa juu ya bodi. Wengi huliona kama udanganyifu. Mimi naliona kama njia ya heshima ya kupata uso mpana wa mti mzuri usiotembea. Linakuwa udanganyifu pale tu unapouziwa kama mbao nzima. Mara nyingi halifiki hata milimita moja, kwa hiyo msasa wa mashine ukipita mara mbili mahali pamoja, umelitoboa.

Hatua ya 4: Fuata njia ya maji

Ubao halisi ukilowa hutanuka, ukikauka hurudi, pengine na doa au mkunjo unaoweza kupigwa randa. Chipbodi na MDF ya kawaida zikilowa kwa kukaa ndani ya maji huvimba kwa unene na hazirudi. Nyuzi na chembe zilibanwa kwa nguvu kiwandani. Maji yanaziachia zirudi zilivyotaka kuwa, na kiungo cha gundi kimeshavunjika. Kwa hiyo swali la maji ni la aina mbili. Unyevu wa hewa ni adui wa mbao halisi. Maji ya kumwagika ni adui wa bodi.

Kuna MDF na chipbodi za kustahimili unyevu, ambazo mara nyingi hutiwa rangi ya kijani ndani. Kijani hicho ni rangi ya kutambulisha tu, kinachofanya kazi ni gundi iliyobadilishwa. Na kazi yake ni kuvumilia hewa yenye mvuke, haikuahidiwa kukaa kwenye dimbwi. Kama muuzaji anakuonyesha kijani kama ushahidi wa kutosha, omba kipande cha mabaki, kipime unene, kiloweke kwenye ndoo usiku kucha, pima tena asubuhi. Plaiwudi ijaribu kwa kuichemsha saa kadhaa: kama matabaka yanaachana, haikuwa ile uliyoambiwa.

Maji hayapiti usoni, hupita kwenye kingo, kwenye matundu ya skrubu na chini. Yafuatayo yana faida kuliko kuongeza daraja la bodi. Kabati za jikoni na bafuni ziinuliwe kwa miguu ya plastiki ya kurekebishika, sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, na ubao wa kuficha miguu uwe kipande cha kuchomoka unachoweza kubadilisha. Kingo zote zifungwe ukanda, pamoja na zile za chini na nyuma ambazo hakuna anayeziona. Fundi anayeacha kingo za chini wazi anajua kwamba hutainama kuangalia. Tundu la bomba likatwe kisha lipakwe silikoni au rangi ya mafuta ndani ya duara lake. Kwenye MDF ya kupaka rangi, kingo zifyonze kwanza rangi ya chini mara mbili au tatu, huku zikipigwa msasa kila mara.

Chini ya sinki weka plaiwudi yenye gundi ya kustahimili maji. Hapo sina mjadala.

Hatua ya 5: Pigia hesabu rafu

Watu huchagua rafu kwa macho, na macho hudanganya kwa sababu kulegea hakuongezeki sawasawa na urefu. Kwa mzigo uliotandazwa kama vitabu, ukirefusha rafu mara moja na nusu, kutoka milimita 600 hadi 900, inalegea takriban mara tano zaidi. Ukiongeza unene kutoka 18 hadi 25, unapata ukakamavu wa karibu mara 2.7 tu. Maana yake rafu ya 900 yenye unene wa 25 bado inalegea karibu maradufu ya ile ya 600 yenye unene wa 18. Dawa ya kwanza ni kufupisha umbali kwa kuweka nguzo katikati.

Kwa ukakamavu, mbao halisi zinaipita MDF mara tatu hivi au zaidi, plaiwudi iko katikati, chipbodi iko chini. Zaidi ya hapo, chipbodi na MDF huendelea kulegea polepole mwaka hadi mwaka chini ya mzigo uleule. Rafu iliyonyooka siku ya kukabidhiwa haijathibitisha kitu. Kwa vitabu, chipbodi ya 18 siiachi izidi milimita 600, MDF vivyo hivyo, plaiwudi nzuri hadi kama 750, ubao halisi mgumu hadi 900. Kwa nguo zilizokunjwa unaweza kuongeza kidogo.

Sasa hila ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inachanganya vyote viwili. Gundisha ubao halisi wenye unene wa milimita 20 na kimo cha 40 kwenye ukingo wa mbele wa rafu ya bodi, uwe umesimama. Ukipiga hesabu, kipande hicho chembamba peke yake kina ukakamavu zaidi ya mara mbili ya rafu nzima ya MDF ya 18 yenye upana wa 300. Zaidi ya hapo kinaficha ukingo wa bodi, kinapokea mikwaruzo ya mkono, na kwa kuwa nyuzi zake zinafuata urefu wa rafu, hakisogei kiasi cha kuachia gundi.

Hatua ya 6: Angalia skrubu itashika nini

Mbao halisi hushika skrubu vizuri ubavuni na vibaya kwenye ncha, pale nyuzi zinapoishia. Plaiwudi hushika vizuri usoni na kwa wastani kwenye ukingo. MDF usoni inashika, ukingoni inapasuka katikati kama kitabu kilichofunguliwa. Ukilazimika kuipigia skrubu ukingoni, toboa kwanza tundu la kuongoza, kaa mbali na kona kwa angalau sentimita 5, na usikaze kwa hasira. Chipbodi itumie skrubu nene zilizotengenezwa kwa ajili yake, zenye kipenyo cha milimita 7 na tundu la 5. Skrubu za kawaida za mbao ukingoni mwa chipbodi ni ahadi ya muda mfupi.

Bawaba za kikombe za kisasa huhitaji tundu la kipenyo cha milimita 35 na kina cha kama 12 mlangoni. Kwenye mlango wa 18 inabaki kama milimita 6 mbele, kwa hiyo ncha ya kekee ikiwa ndefu itatokeza usoni. Mlango wa chipbodi ukianza kuning'inia, usirudishie skrubu ndefu zaidi. Ng'oa bawaba, toboa tundu kubwa safi, gundisha ndani yake kigingi cha mbao ngumu, kikikauka toboa upya. Kitashika kuliko siku ya kwanza.

Hatua ya 7: Hewa na vumbi

Bodi nyingi hutumia gundi yenye fomaldehaidi, gesi ambayo shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka mwaka 2004 kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu. Kiwango cha Ulaya kiitwacho E1 kinataka bodi isitoe zaidi ya miligramu 0.124 kwa mita ya ujazo ya hewa kwenye chumba cha majaribio. Kanuni ya California, inayoitwa CARB awamu ya 2, ina mipaka kwa kila bodi: sehemu 0.05 kwa milioni kwa plaiwudi, 0.09 kwa chipbodi na 0.11 kwa MDF. Tafuta mhuri huo kwenye shiti, hasa kwa chumba cha mtoto. Kingo zilizofungwa na uso uliopakwa hupunguza sana kinachotoka. Kabati jipya likikuwasha macho, liache wazi penye hewa kwa wiki kadhaa kabla ya kulijaza nguo.

Mbao halisi nazo si malaika: vumbi la mbao lipo kwenye kundi lilelile la IARC. Anayekata na kupiga msasa, awe anakata mtiki au MDF, avae barakoa ya vumbi laini, siyo kitambaa.

Hatua ya 8: Kagua kabla ya kulipa

Kwa mbao halisi, shika ubao kwenye ncha moja, uangalie kwa jicho moja kama unayelenga shabaha, utaona mpindo na msokoto ambao haukuonekana ulipolala. Tafuta sehemu ya nje ya mti, yenye rangi nyepesi. Sehemu hiyo ndiyo wadudu wanaoipenda, na haidumu hata kwa mti mashuhuri kwa kudumu. Ubao wa mvule wenye nusu nyeupe ni mvule kwa nusu tu. Vitundu vidogo vyenye unga laini chini yake vina maana wadudu bado wanakula. Vifundo vilivyokazana na mti havina shida nje ya sehemu zinazobeba. Vilivyo na duara jeusi vitadondoka.

Kwa plaiwudi, angalia ukingo na siyo uso, kwa sababu uso ni kizuri kinachojiuza. Hesabu matabaka: kwa unene uleule, mengi membamba ni bora kuliko machache manene. Mapengo ukingoni ni mahali ambapo skrubu itaangukia hewani. Igonge kwa kifundo cha kidole shiti nzima. Mlio ukibadilika kuwa mtupu, matabaka yameachana ndani. Pima unene halisi, maana ya 18 mara nyingi ni pungufu, na mfereji uliochongwa kwa 18 kamili utacheza.

Samani iliyokwisha kutengenezwa ina siri chache. Fungua mlango uangalie ukingo na upande wa ndani: mchoro wa nyuzi wa ubao halisi unaopita usoni huendelea ukingoni na kwenye ncha ukageuka kuwa vitundu na miduara ya ukuaji. Mchoro unaojirudia sawasawa kila baada ya kipimo fulani ni picha iliyochapwa.

Hatua ya 9: Gharama ihesabiwe pamoja na kazi

Bei ya ubao na bei ya shiti hazilinganishwi moja kwa moja. Ubao unanunuliwa ukiwa na ncha zilizopasuka, vifundo na mpindo, na sehemu kubwa inaishia kwenye maranda. Halafu kuna kazi ya kuunga, kupiga randa na kusubiri ukauke. Shiti inakatwa na kufungwa siku hiyohiyo. Kwa upande mwingine, meza ya ubao halisi iliyokwaruzwa hupigwa msasa ikarudi mpya mara nyingi, mguu uliovunjika hubadilishwa, na melamini iliyobanduka haina fundi. Kwa hiyo tumia pesa ya mbao halisi pale ambapo kitu kitaguswa, kitagongwa na kitatengenezwa tena. Kama unajenga kabati la ukutani ambalo mwenye nyumba atakuja kulibomoa baada ya miaka michache, usiuzike mtiki humo.

Hatua ya 10: Kusanya maamuzi

Kabati za jikoni: ubavu na sakafu za plaiwudi ya 18 yenye gundi ya kustahimili maji, au bodi ya kijani yenye melamini kwa zile zilizo mbali na sinki. Mgongo plaiwudi ya 6 au zaidi. Milango ya MDF ukitaka rangi, ya fremu ya mbao halisi yenye ubao wa kati unaoelea au plaiwudi yenye vinia ukitaka sura ya mti. Droo za plaiwudi ya 12, kwa sababu zinavutwa maelfu ya mara.

Kabati la nguo: ubavu wa bodi yenye melamini, rafu fupi, na milango mirefu iliyosimamishwa kwa fremu au plaiwudi nyepesi. Mlango mmoja mzima wa ubao halisi wenye urefu wa mita mbili hata ukikauka vipi, sijawahi kuuona ukibaki umenyooka.

Meza ya kulia: miguu na fremu ya chini ya mbao halisi bila swali. Uso wa mbao halisi kama fundi amekueleza utasogelea wapi, au plaiwudi yenye vinia iliyozungushiwa ukingo wa mbao halisi. Kitanda na viti ni mbao halisi kwenye kila kiungo kinachobeba, na bodi ibaki kwenye ubao wa kichwani. Kabati la vitabu ni plaiwudi au blokbodi yenye ule ukingo wa kusimama.

Ukimaliza, andika makubaliano na fundi kwa orodha ileile ya hatua ya kwanza: kila kipande, aina ya bodi au jina la mti, unene, na kingo zipi zitafungwa. Ongeza mstari mmoja kwamba utaona mbao na shiti zikiwa tupu, kabla hazijabandikwa vinia wala kupakwa rangi. Fundi asiyetaka mstari huo, mshukuru kwa muda wake.